Jumapili za Kimamba

Kesho yake Alhamisi, saa tatu asubuhi, muuguzi Ziada Mfaume angepandishwa kizimbani kwa wizi wa dawa za wagonjwa. Odilia Msagati alikuwa na siku moja, gari moja na vitabu viwili vya mahudhurio vya kukagua.

Odilia alikuwa mkaguzi katika kitengo kinachofuatilia ruzuku za serikali. Kukamata watu haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja, kituo baada ya kituo: dawa iliyolipiwa imeingia kinywani mwa nani? Kituo hiki cha Mikumi, kilichoitwa Njia Nyeupe, kilipewa ruzuku ya kuwatibu waraibu wa unga kwa methadoni. Mgonjwa huja kila siku, hunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, hutamka neno ili ijulikane amemeza, kisha muuguzi huandika saa na kutia sahihi. Wagonjwa arobaini walinywea pale pale dirishani Mikumi. Ishirini na wanne walikuwa Kimamba, ng'ambo ya Kilosa, na hao walipelekewa dawa kwa gari.

Wiki iliyopita chupa kumi na moja za dawa hiyo zilikutwa kwenye kibanda kimoja cha maegesho ya malori. Namba zake zilikuwa za fungu la Kimamba. Kitabu cha Kimamba kilisema dawa yote ilinywewa, na kila mstari ulikuwa na sahihi ya Ziada. Polisi hawakuhitaji kufikiri sana; Jumanne jioni walimkamata.

Saa mbili kamili Odilia alikuwa mahabusu, ameketi mkabala na msichana mwenye mtandio wa kijani aliyekuwa kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Shangazi kaleta uji. Haukupita."

Odilia alifungua kitabu cha Kimamba, akamgeuzia. "Hii sahihi ni yako?"

Ziada aliangalia bila kugusa. Alifunua kurasa za mwanzo, akarudi za katikati. "Mpaka mwezi wa kwanza ni yangu. Kuanzia wa pili inafanana na yangu, lakini si mimi."

"Mwezi wa pili kulitokea nini?"

"Gari liliharibika. Mwalimu Stefano akaniambia watu wa Kimamba wamehamishiwa kituo kilicho karibu na kwao. Nikasema alhamdulillahi. Ile barabara ilikuwa inanimaliza mgongo."

"Kituo gani?"

Msichana aliinamisha kichwa. Askari wa zamu alikohoa mlangoni.

"Sikuuliza, mama," Ziada alisema. "Hilo ndilo kosa langu, na kesho nikiulizwa nitalisema. Sikuuliza."

"Kabati la vitabu linafunguliwa na nani?"

"Tuko watatu tu pale. Mwalimu, ndiye mratibu. Dada Happyness, karani. Na mimi. Kila mtu ana ufunguo."

Odilia alifunga kitabu. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amesikia watu wengi wakikana sahihi zao. Ni mara chache alisikia mtu akikiri kosa ambalo hakuna aliyemshitaki nalo. Lakini hilo lilikuwa jambo la kupima, halikuwa ushahidi.

Polisi walikuwa na jambo jingine mkononi. Samson, binamu wa Ziada, alikuwa ameonekana kila siku kwenye malori na deli jeupe la plastiki lenye kifuniko. Deli la nini, na binamu yake anashika dawa? Damu ni nzito kuliko maji. Basi Odilia akatoka mahabusu, akaenda moja kwa moja maegeshoni, na hakupata taabu kumpata. Deli lilikuwa limefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira.

"Fungua," alisema.

"Maza, karibu sana! Ubuyu au ukwaju?" Samson aliinua kifuniko. Ndani mlikuwa na barafu za mifuko, nyekundu na kahawia, zimejipanga mpaka chini. "Jero tu, mia tano. Kwa wewe maana umekuja na gari la serikali, elfu."

Gerald, dereva wa Odilia, aliangua kicheko. Odilia hakucheka. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapekua kona zote nne, akatoa mkono ukiwa umekufa ganzi.

"Polisi walilifungua hili?"

Uso wa kijana ulibadilika. "Hawakufungua. Waliandika tu kwamba ninalo. Maza, dada yangu atafungwa kwa ajili ya barafu?"

Odilia alinunua mbili, akampa Gerald zote. Njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Ofisi ya Njia Nyeupe ilikuwa vyumba vitatu vilivyopakwa chokaa upya. Mwalimu Stefano alimpokea nje, amevua kofia. Alikuwa mtu wa milima ya Ukaguru, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa la Anglikana, na wauza nyanya ng'ambo ya barabara walisimama kidogo walipomwona.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Karibu, ingawa umetukuta kwenye msiba. Yule mtoto nilimchukua kama wangu wa kumzaa."

Alimwekea chai kwa mikono yake mwenyewe. Akamletea na kitabu cha Mikumi, na ankara za dawa, na barua za ruzuku, vyote vimepangwa kwa mwezi. Odilia alilinganisha. Chupa zilizopokelewa, vikombe vilivyonywewa, chupa zilizobaki. Kwenye karatasi hakuna tone lililopotea. Kitabu cha Mikumi kilikuwa na madoa ya dawa, saa zilizofutwa, na hapa na pale neno "hakuja". Cha Kimamba kilikuwa safi kama daftari la mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

"Nitakwenda Kimamba," alisema.

Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu. "Utachoka bure. Wale ni watu wa kuhamahama, leo yupo, kesho hayupo. Na hata ukimpata mmoja, neno la teja litasimama wapi mbele ya hakimu?"

"Kweli mwalimu, halitasimama." Odilia alikuwa akiweka vitabu mkobani. "Na mwisho wa wiki ofisi nani anaifungua?"

Aliyejibu ni Happyness, kutoka kwenye meza yake ya kona. "Jumamosi msinihesabu mimi, mama. Mimi Msabato. Hata simu sipokei mpaka jua lizame."

"Tunafungua kwa zamu," Mwalimu Stefano alisema.

Ilikuwa imepita saa saba na nusu walipoingia Kimamba. Odilia aliuliza kwa wauza duka, akauliza kwa bodaboda, akitaja majina ya kitabuni moja baada ya jingine. Wengine walitikisa kichwa, wengine walimtazama miguu hadi kichwani. Mwishowe mama mmoja wa chapati alinyoosha mwiko kuelekea reli. "Wale wa dawa ya kikombe? Nenda kwa Doto, fundi baiskeli."

Fundi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mabega yametokeza chini ya fulana.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Doto Shabani?"

"Inategemea anayeuliza. Kama ni polisi, mimi ni Juma."

"Natoka kwenye ruzuku."

"Ruzuku ndiyo nani?"

"Ni hela ya serikali inayonunua ile dawa."

"Ahaa." Doto alirudisha macho kwenye mnyororo. "Basi mwambie amechelewa."

Odilia alivuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. Kwa desturi yake hakuanza na swali kubwa. Aliuliza madogo: gari lilisimama wapi, lilikuwa rangi gani, mara ya mwisho lilikuja lini. Doto alijibu akifanya kazi. Gari lilikuwa jeupe, lilisimama hapo stesheni, na mara ya mwisho lilikuwa kabla mvua kubwa hazijaanza. Walisubiri siku tatu. Siku ya nne wengine walishikwa na arosto, wakaanza kutapika na kutetemeka, na muuza unga alikuwa hatua hamsini kutoka pale.

"Dada Ziada alikuwa anafika saa ngapi?"

"Saa moja. Moja na robo. Tulimsubiri kama kuku wanaosubiri pumba."

"Na Jumapili saa sita."

Doto aliinua uso. "Jumapili saa sita ya nini?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema. Kila Jumapili, saa sita mchana."

"Mama, arosto inajua Jumapili?" Alicheka kwa mara ya kwanza, meno mawili hayapo. "Halafu hebu soma hayo majina yako. Rajabu. Omari. Mwinyimvua. Shabani, Shabani, Shabani. Tungesubiri kanisa la nani litoke?"

Odilia aliuvuta mkoba karibu. Safu ile ya Jumapili alikuwa ameisoma mara mbili asubuhi ile akinywa chai, na haikumsimamisha. Na kwa nini imsimamishe? Tangu alipopata ubatizo, Jumapili yake ilikuwa hivyo hivyo: sokoni baada ya misa, kufua baada ya misa, mgeni baada ya misa. Alikuwa amesoma uongo ulioandikwa kwa kalenda yake mwenyewe, ndiyo maana ukateleza kama maji.

Alifungua kitabu magotini, akaanza upya, safari hii akifuata siku badala ya majina.

Mpaka mwezi wa kwanza, Jumapili zilikuwa kama Jumatatu. Saa moja na dakika kumi, saa moja na nusu, "hakuja", "hakuja". Kuanzia mwezi wa pili neno "hakuja" lilitoweka. Siku za kazi, hata Jumamosi, wote ishirini na wanne walikunywa saa moja kamili. Jumapili wote saa sita. Akaitafuta Ijumaa Kuu: saa kumi jioni. Pasaka: saa saba mchana. Kisha akaitafuta Idi, na kidole chake kikasimama. Saa moja kamili asubuhi, wote.

"Siku ya Idi, saa moja, nyinyi mlikuwa wapi?"

"Njiani kwenda kwenye swala, mama. Hata sisi mateja. Siku hiyo kila mtu ana kanzu, hata ya kuazima."

"Na mwezi wa Ramadhani? Mngekunywa asubuhi?"

"Mgonjwa anaruhusiwa. Wengine wangekunywa, wengine wangemwomba dada aje baada ya futari."

Odilia alitikisa kichwa, akaiacha Ramadhani. Ilikuwa na mlango wa kutokea. Ya Idi na ya Jumapili hayakuwa nao.

Sasa alijua namna kitabu kilivyoandikwa. Mwandishi hakuwa akibuni saa. Aliandika saa ile ile aliyoshika kalamu: alifika ofisini, akafungua kabati, akajaza ukurasa wa siku. Siku ya ibada yake alichelewa, na Kimamba nzima ikachelewa naye. Walikuwa watu watatu na funguo tatu. Angekuwa Ziada, Idi isingekuwa saa moja. Angekuwa Happyness, Jumamosi zingekuwa tupu, au zingejazwa jua likizama. Odilia alichukua simu.

"Happyness, Jumapili Mwalimu huwa anafika ofisini saa ngapi?"

"Ibada ikiisha, mama. Saa sita hivi. Kwani kuna nini?"

"Usiondoke ofisini mpaka nije. Na usimwambie mtu."

Alikata simu. Doto alikuwa amesogea, anakitazama kitabu kwa pembeni kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Mimi nipo humo?"

"Namba saba."

"Basi namba sita ni Kulwa. Dada Ziada alituandika pamoja, alisema pacha hawatenganishwi." Alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nisomee yake. Ya jana."

Odilia alisita. Kisha akasoma, kwa sababu aliyeomba alikuwa na haki. "Kulwa Shabani. Saa moja kamili asubuhi. Amekunywa."

"Tulimzika mwezi wa nne," Doto alisema. "Alikutwa nyuma ya mabanda ya mkonge, sindano bado ipo mkononi."

Treni ya mizigo ilipita, wakangoja ipite. Odilia alifanya ishara ya msalaba, taratibu, bila kujificha.

"Doto, funga kazi. Nataka twende wote Mikumi."

"Neno la teja litasimama wapi?"

Hakujua jinsi alivyorudia maneno ya mtu mwingine. "Sihitaji useme kitu," Odilia alimjibu. "Nataka uonekane tu."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye vilima walipofika. Mwalimu Stefano alikuwa mezani kwake, miwani puani. Happyness alikuwa kwenye kona, mikono juu ya mapaja. Odilia aliingia, na Doto nyuma yake.

"Karibuni, karibuni," Mwalimu alisema. Alimtazama Doto kwa huruma ya mtu aliyezoea. "Na huyu kijana?"

"Humfahamu, mwalimu?"

"Sidhani. Lakini karibu mwanangu, usiogope. Hapa hatumkatai mtu. Kesho asubuhi uje tukuandikishe."

"Nimeshaandikishwa, mwalimu," Doto alisema. "Jana umeninywesha saa moja kamili. Mimi na marehemu."

Mwalimu Stefano alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

Odilia aliweka kitabu mezani, akafungua ukurasa wa Idi. Akafungua wa Pasaka. Akafungua Jumapili nne mfululizo. Hakupandisha sauti. Alieleza kama anavyoeleza mtu hesabu ya kujumlisha, na alipomaliza aliongeza, "Miezi saba umeliandika jina lake kwa mkono wako. Jana umeliandika. Leo amesimama mbele yako umemuuliza ni nani."

"Gari lilikufa," mzee alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Niliomba jingine, sikujibiwa. Ningeandika kwamba Kimamba imesimama, ruzuku ingekatwa, na dirisha la hapa lingefungwa. Niliwaza wale arobaini. Nikasema nitajaza wiki moja tu."

"Na chupa?"

"Ziliendelea kuja. Nilizifungia."

"Zikafikaje kwenye malori?"

Mwalimu aliangalia mikono yake. "Alikuja mtu. Nilijiambia fedha ile itanunua gari."

"Iko wapi?"

Mzee alisukuma miwani pembeni. Happyness alikuwa analia bila sauti.

"Na Ziada?" Odilia aliuliza. "Sahihi yake uliiweka tangu siku ya kwanza, mwalimu. Tangu ile wiki moja tu. Ulikuwa umeshachagua nani atakuja kulipa."

"Sikuchagua." Alifunika uso. "Niliweka kwa sababu ndiyo iliyokuwa inakaa pale. Mungu ni shahidi wangu. Na sasa mtafunga, na wale arobaini watarudi barabarani, na nitakuwa nimeharibu pande zote mbili."

"Kanuni inaniruhusu kumsimamisha msimamizi bila kusimamisha dawa. Nimeongea na ofisi kuu Dodoma njiani. Dirisha litafunguliwa kesho." Odilia alimsogezea karatasi na kalamu. "Andika maelezo yako."

"Niruhusu niombe kwanza."

Alikuwa anamaanisha, mikono ilikuwa imeshafumbatana. Odilia alikuwa na rozari mfukoni, na mara nyingi maishani alikuwa amewasubiri watu wamalize sala zao.

"Tutaomba wote, mwalimu," alisema. "Andika kwanza."

Aliandika kurasa mbili na nusu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Happyness alitia sahihi kama shahidi, Gerald akatia ya pili. Kisha wakaenda polisi kwa miguu, maana haikuwa mbali, na njiani wauza nyanya walimsalimia mzee, naye akaitikia.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa kwanza, akaita askari wa zamu. Saa moja kasorobo Ziada alitolewa, akapewa kandambili zake na simu iliyokwisha chaji. Alisimama kaunta kama mtu aliyeambiwa habari kwa lugha asiyoijua. Mwalimu Stefano alikuwa kwenye benchi ile ile aliyoketi msichana asubuhi. Ziada alimwangalia. Kwa mazoea magoti yake yalijikunja kidogo, salamu ikamjia mdomoni, akaimeza.

Akageuka, akamwona aliyesimama mlangoni.

"Doto," alisema mara moja. "Umekonda hivyo. Kulwa umemwacha wapi?"

Doto alitikisa kichwa mara moja, na Ziada akafika pale alipo, akamshika mkono, si kwa kumliwaza tu. Vidole vilikwenda kwenye mshipa, macho yakaenda kwenye mboni, kisha kwenye kovu jipya la kiwiko.

"Mara ya mwisho lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Leo alfajiri."

"Usinidanganye."

"Leo alfajiri, dada. Nitarudi kwenye kikombe changu?"

Odilia alikuwa anasubiri muhuri wa mkuu wa kituo, lakini aliacha kusubiri, akasikiliza.

"Kile kikombe cha zamani kingekuua," Ziada alisema. "Mwili umeshakisahau. Tunaanza chini kabisa, unakunywa kidogo, unakaa nikikutazama saa nzima. Kesho kutwa tena. Itachukua wiki nyingi kufika pale tulipokuwa."

"Na wengine? Tuko kama kumi na tano tuliobaki."

"Wote hivyo hivyo."

Doto alitazama miguu yake. Vidole vilikuwa na grisi nyeusi ya minyororo. "Dada, hizo wiki mimi nitaziweza?"

Ziada alimgeukia Odilia, akamuuliza lile gari la serikali linaondoka Mikumi lini.

"Kesho," Odilia alisema. Alitazama saa, akawaza Dodoma, akawaza ripoti. "Lakini linaweza kupitia Kimamba."

"Basi liwe hapo dirishani saa kumi na moja alfajiri," Ziada alisema. "Hawa wa hapa niwanyweshe mapema, tufike kule kabla hawajaenda kwa yule muuza unga."